Maswali Yenu: "Negro", "coloured", "boy"... nani alimwita nani?

Jamani salamu kwenu nyote. Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari mitatu hivi, kwamba neno "Negro" siku hizi halisemwi ovyo, basi meseji zikamiminika mpaka nikasema haya, ukurasa wote wa mwezi huu uwe wa jambo hilohilo. Nimefundisha Kiingereza na Kiswahili miaka mingi na nakiri hili ni somo ambalo hatukuwahi kupewa wala hatukuwapa wanafunzi wetu, tulipokea maneno tu na kuyameza bila kuambiwa yametoka wapi na yamepitia midomo ya nani. Lile tusi lenyewe zito sitaliandika, nitaliita neno la N, wote mnalijua.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Buguruni ila saivi nipo Texas mwaka wa pili napiga kazi kwenye ghala. Home washkaji tulizoea kuitana neno la N, ni kama kusema oya au mwanangu, haina noma kabisa. Sasa juzi nikamwita hivo jamaa mmoja mweusi wa hukuhuku ambae tunaelewana sana, akaweka boksi chini taratibu, akaniangalia, akasema usirudie tena. Kesho yake nikaitwa kwa meneja. Mwalimu mi ni mweusi kuliko yeye, halafu wenyewe wanaitana hivo siku nzima, kosa langu nini? Na lilitoka wapi hili neno?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuitwa ofisini. Nianze na kitu unachokijua. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi anakuja msibani anacheka, anamsema marehemu alikuwa mchoyo, anaweza hata kugoma jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika kwa sababu ni watani. Sasa wewe uliyepanda daladala ukashuka hapo, humjui marehemu, hebu ingia useme maneno yaleyale uone. Maneno ni yale ila wewe utani wao huna. Huyo mwenzako wa ghalani na ndugu zake wana historia moja ya kuitwa neno hilo na ndiyo inayowapa ruhusa wao kwa wao, tena hata wao hawakubaliani. Mwaka 2007 chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, NAACP, kililifanyia neno hilo mazishi kabisa mjini Detroit, jeneza, farasi, watu wakatembea nyuma yake kama msiba wa kweli, na wengine hadi leo wanasema halijafa na ni letu tutalitumia. Huo ni ubishi wa wafiwa, mimi na wewe tukae mkekani tunyamaze.

Asili yake sasa. Kwenye Kilatini "niger" ni -eusi, rangi tu, kama unavyosema sufuria nyeusi. Wareno na Wahispania wakawa na "negro", bado ni rangi tu. Ila Wareno ndio waliotangulia kusomba watu pwani ya Afrika Magharibi, kwa hiyo Mwingereza hakulipokea neno hilo kama rangi, alilipokea kama jina la bidhaa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia kwa maoni yangu. Mlowezi wa Virginia, John Rolfe, aliandika barua kueleza meli iliyofika mwaka 1619 na "Negroes" ishirini na kitu waliobadilishwa kwa chakula. Hakuna jina la hata mmoja wao kwenye hiyo habari, hesabu tu, na hata hesabu yenyewe haikukamilika, ishirini na kitu, kama mtu anayehesabu magunia jioni kiza kimeshaingia.

Neno la N ni mtoto wa shina hilohilo, matamshi yaliyopinda. Zamani kidogo wapo waliolisema bila nia ya kutukana, lakini ilipofika miaka ya 1800 mwanzoni lilikuwa tusi lililokomaa. Mwaka 1837 mchungaji mweusi wa kule, Hosea Easton, aliliandikia kabisa, akaeleza kuwa wazungu waliwatishia watoto wao nalo wakikosea, kwamba mtoto mtundu atakuwa kama hao. Yaani mtoto anajifunza dharau kabla hajajifunza kusoma. Neno likatumika hivyo shambani, mnadani, na usiku watu walipokuja na kamba za kunyongea. Bibi yake huyo jamaa yako huenda aliitwa hivyo dukani akiwa mtu mzima na pochi yake mkononi. Bibi yako wewe wa Buguruni hakuitwa hivyo, aliitwa mengine na tutafika huko. Sisi neno hili lilitufikia kwenye kaseti na sidii za muziki, tayari limeshaoshwa na limepigwa midundo, ndiyo maana halituchomi. Sio weusi wa ngozi unaopimwa hapo mwanangu. Nenda kamwambie samahani, usimweleze kwamba nyumbani haina noma, sema samahani tu na umwite jina lake.

SWALI: Mwalimu mimi ni mzee wa miaka 78 niko Moshi. Enzi zetu magazeti ya Kiswahili yaliandika Wanegro wa Amerika na hakuna aliyeona tabu, na Martin Luther King mwenyewe alisema Negro nikamsikia redioni. Juzi nimelitamka mjukuu wangu kanikemea mbele za watu. Lilianza lini kuwa baya?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu alipaswa akusubiri mkiwa wawili, ila kwa neno lenyewe yuko sahihi, na wewe kwa wakati wako ulikuwa sahihi pia. King alipohutubia Washington tarehe 28 Agosti 1963 alisema "Negro" tena na tena, na lilikuwa neno la heshima. Nikueleze mzunguko wake maana ni mrefu na mimi naupenda sana.

Watu weusi walio huru kule Marekani mwanzoni wengi walijiita "African". Ndiyo maana lile kanisa lao lililoanzishwa Philadelphia mwaka 1816 na Richard Allen likaitwa African Methodist Episcopal, na jina hilo lipo mpaka leo. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, wazungu wenye vyeo wakaunda jumuiya ya kuwahamishia weusi huru Afrika, ndiyo iliyozaa Liberia. Januari 1817 watu weusi karibu 3,000 wakajaa kanisani kwa Allen kulijadili hilo wakasema hapana, hatuendi, hapa ndipo wazee wetu wametoa jasho. Sasa ona mtego: ukijiita Mwafrika mtu anakwambia haya basi rudi kwenu. Ndipo wengi wakaanza kulikwepa jina "African" wakashika "colored". Sio kwamba waliionea Afrika aibu kama wengine wanavyopenda kusema, walikuwa wanalinda mlango usifungwe nyuma yao.

Mwisho wa karne ile na mwanzo wa iliyofuata "Negro" ikaanza kupanda, mwalimu wao mashuhuri Booker T. Washington aliipenda, na msomi na mwandishi wao Du Bois akaipigania, lakini iandikwe kwa herufi kubwa. Hiyo herufi moja ilipiganiwa miaka na miaka, maana wazungu waliandika "negro" kwa herufi ndogo kama mtu anavyoandika ng'ombe au mbuzi, wakati Mfaransa na Mwitaliano wana herufi kubwa. Gazeti la New York Times lilikubali Machi 1930. Miaka miwili kabla, mwaka 1928, mwanafunzi mmoja wa sekondari alikuwa amemwandikia Du Bois kulalamika kwamba neno lenyewe ni la wazungu, lifutwe kabisa. Du Bois akamjibu kwamba usichanganye jina na kitu, dharau haiko kwenye jina, ukibadilisha jina leo dharau itahamia kwenye jina jipya. Mimi Du Bois namheshimu mno ila hapo namkubali nusu. Ni kweli dharau huhama, lakini ukimwona mtu amelikataa jina ulilompa akachagua lake, kile kitendo cha kuchagua ni kitu kikubwa, na yule mtoto wa sekondari alikiona mapema.

Malcolm X, yule mwanaharakati mkali, alikiona pia, yeye alikuwa akisema "hawa wanaoitwa Negro", akisisitiza hilo wanaoitwa, yaani waliitwa na nani? Na mzee utakumbuka Oktoba 1964 alifika Dar akaonana na Mwalimu Nyerere, mwaka ambao alikuwa ameunda jumuiya yake yenye jina "Afro-American". Juni 1966 kijana mwanaharakati Stokely Carmichael akasimama Greenwood, Mississippi, akapaza sauti ya "Black Power", nguvu kwa weusi. Na hapa ndipo mabadiliko yenyewe yalipokuwa, maana kwa wazee wao "black" lilikuwa tusi, mtoto akimwita mwenzie hivyo walipigana. Vijana wakalichukua tusi wakalivaa kama kanzu ya Idi, 1968 mwanamuziki James Brown akaliimba kwa fahari na ndani ya miaka michache tu "Negro" likawa neno la mtu mwoga, mtu wa ndio bwana. Desemba 1988 mchungaji na mwanasiasa Jesse Jackson akahimiza watu waseme "African American", na hapo unaona wamerudi kwenye Afrika walikoanzia, miaka mia na sabini imepita, sasa hakuna wa kuwaambia rudini kwenu. Juni 2020 shirika la habari la AP likaamua kuandika "Black" kwa herufi kubwa, na New York Times likafuata. Miaka 90 baada ya ile herufi ya kwanza, mzee wangu, bado ni herufi moja inapiganiwa.

Kwenye karatasi za serikali neno lako lilikawia sana. Fomu ya sensa ya Marekani ya 2010 bado ilikuwa na "Negro" kwa sababu walisema wapo wazee wanaojitambua hivyo, ikatangazwa kuondolewa 2013, na 2016 Obama akasaini sheria ya kulifuta kwenye sheria za serikali kuu pamoja na "Oriental", neno la zamani la kuwaita Waasia. Kwa hiyo ukizungumzia historia litaje tu, hotuba za King hazibadilishwi. Ukimzungumzia mtu wa leo sema Mmarekani mweusi, Kiswahili kinatosha.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha Singida. Wanafunzi wameniuliza kwanini "coloured people" ni vibaya na "people of colour" ni vizuri wakati ni maneno yaleyale yamegeuzwa tu, nikakosa jibu mbele ya darasa.

JIBU: Mwalimu, usione aibu, swali hilo limewaangusha wakubwa. Benedict Cumberbatch, mwigizaji wa Uingereza, Januari 2015 alikuwa anawatetea waigizaji weusi kwenye televisheni ya Marekani akawaita "coloured", nia njema kabisa, akaishia kuomba radhi. Novemba 2020 mwenyekiti wa chama cha soka cha Uingereza, Greg Clarke, alilitamka mbele ya kamati ya bunge akiwazungumzia wachezaji, pamoja na kauli nyingine zilizoudhi, na siku hiyohiyo akajiuzulu.

Sarufi haitakusaidia hapo, waambie wanafunzi waangalie kibao. "Colored" kiliandikwa juu ya bomba la maji, mlango wa choo, chumba cha kusubiri treni, kusini mwa Marekani, mpaka sheria ya haki za raia ya 1964 ilipovishusha vibao vile. Mtu aliyekunywa maji kwenye bomba lenye kutu huku la jirani linang'aa halisikii neno hilo kama rangi, anakisikia kile kibao. "People of color" halikuwahi kuandikwa juu ya bomba. Nalo si jipya, watu huru wa Louisiana waliitwa karibu hivyo zamani, ila miaka ya 1970 na 1980 lilifufuliwa na wanaharakati wenyewe kuwaunganisha watu wote wasio wazungu, Waasia, Walatino, weusi, wenyeji wa asili. NAACP ina herufi C ya "Colored" kwa sababu iliundwa 1909, na jina wamelibakiza, ni jina la nyumba yao.

Halafu waonye wasije wakalibeba hilo onyo hadi Cape Town. Kule "Coloured" ni jamii, watu wenye damu za Wakhoi, watumwa kutoka Asia na Afrika Mashariki, na wazungu. Serikali ya makaburu iliwaandikisha hivyo kwa sheria ya 1950, na ofisa akishindwa kuamua alikuwa anachomeka penseli kwenye nywele za mtu, ikidumu wewe si mzungu, ikianguka umepona. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa na penseli. Pamoja na ukatili huo wote wengi wao leo wanajiita Coloured na kujivunia, na sensa ya nchi yao bado ina kundi hilo.

SWALI: Aslam alaykum mwalimu. Natoka Tanga nafanya biashara Johannesburg. Siku moja nilikuwa naongea Kiswahili kwenye simu na mke wangu kuhusu mambo ya dini nikasema kafiri, weee, mtaa mzima uligeuka kunitazama, kijana mmoja alitaka kunipiga. Tangu hapo naogopa hata kuongea. Kwani wao wanajua Kiswahili?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kiswahili hawakijui, ni wewe ulitamka neno ambalo lilisafiri kutoka kwetu likafika kwao limeharibika. Hebu fuatana nami.

Kwa Kiarabu kafiri ni asiyeamini, na mzizi wake ni kufunika, mtu anayeufunika ukweli. Waarabu na Waswahili wa pwani yetu waliwaita hivyo watu wa bara wasio Waislamu. Vasco da Gama alipopita huku 1498, Msumbiji, Mombasa, Malindi, Wareno wakalisikia neno na wakadhani ni jina la watu, wakaandika "cafre", hawakujua kwamba kwa hukumu hiyo na wao wenyewe ni makafiri. Waholanzi na Waingereza wa Rasi, kule kusini kabisa mwa Afrika, wakalirithi kutoka kwao wakawaita Waxhosa hivyo, wakaita ardhi hivyo, wakaziita vita za kunyang'anya ardhi hivyo, vita tisa ndani ya miaka mia, ambazo leo vitabu vinaziita vita za mipakani. Kwa miaka mingi liliandikwa kwenye ramani kama neno la kawaida. Kisha likawa ndilo neno la mwajiri kwa kibarua na la polisi kwa mtu asiye na pasi. Dini ikadondoka njiani, ikabaki dharau tupu.

Afrika Kusini ya leo watu wanaliita neno la K, hawalitaji. Mwaka 2018 mwanamke mmoja mzungu alihukumiwa kifungo cha miaka 3, mmoja kati yake ukasimamishwa, kwa kuwatukana kwalo polisi weusi waliokuja kumsaidia baada ya kuibiwa, alilitamka mara 48. Kwa hiyo kijana aliyetaka kukupiga mwelewe. Na wewe ukiwa kule ukitaka kuongea dini na mkeo sema asiyeamini. Hata majani yale ya ndimu ya Kitai yaliyoitwa kwa neno hilo siku hizi kwenye maduka mengi yanaandikwa "makrut". Kuna ajabu moja tu, Sri Lanka ipo jamii ndogo yenye asili ya Waafrika waliopelekwa na Wareno, wao hujiita kwa jina hilohilo na kwao ni ukoo.

Ila lipo linaloniuma zaidi, nalo ni letu kabisa. Mtaalamu wa lugha Mjerumani, Wilhelm Bleek, kwenye kitabu chake cha sarufi cha 1862 alizikusanya lugha zetu akaziita za "Bantu", kwa kuwa karibu zote zinasema watu, abantu, bantu, wandu. Jina zuri, maana yake watu. Makaburu wakalichukua likawa la ofisi zao, 1953 wakatunga sheria ya "elimu ya Kibantu" ya kumfundisha mtoto mweusi kazi za chini tu. Sasa huku kwetu mwanafunzi anaandika kwa raha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na kule mzee wa Soweto akiitwa Bantu anakunja uso. Yaani neno lenye maana ya watu likatumika kuwaambia watu si watu. Na sisi wa pwani tusijifanye wasafi, mababu zetu walikuwa na "washenzi" kwa kila aliyeshuka kutoka bara, na bado linatutoka kirahisi.

SWALI: Eti Nigeria na Niger zimetokana na lile tusi?

JIBU: Hapana. Nchi zimetokana na mto, na jina la mto wataalamu wengi wanalihusisha na lugha za Watuareg, maneno ya kusema mto, likafanana tu na Kilatini machoni mwa wachora ramani wa Ulaya. "Nigeria" lilipendekezwa na mwandishi Mwingereza Flora Shaw kwenye gazeti la The Times Januari 1897. Jina alilibuni mgeni, hilo ni kweli, tusi sio.

SWALI: Tulitoka Kongo, tukaishi kambi ya Nyarugusu, sasa tuko Marekani. Fomu ya shule ya watoto inasema "Black or African American", mume wangu anasema sisi sio African American tusijaze, mimi nasema tujaze tutaonekana wakaidi. Jirani yetu Mwarabu wa Unguja yeye anasema zamani aliambiwa ajaze mzungu, tukacheka sana. Tufanye nini mwalimu?

JIBU: Dada, jazeni, kisanduku hicho kina "au" katikati na ni chenu pia, hakiwaulizi asili ya ukoo, kinauliza serikali inawahesabu wapi. Ila kwenye mazungumzo mume wako anasema kweli, huko watu wengi wanapotaja "African American" wanamaanisha wale ambao wazee wao walipita kwenye utumwa wa Marekani. Ninyi semeni mnatoka Kongo, hakuna atakayewalaumu.

Jirani hakutania. Kwa muda mrefu watu wa Mashariki ya Kati walihesabiwa "White" kule, hadi Machi 2024 serikali ilipopitisha utaratibu mpya wenye kundi lao. Hivi visanduku havijawahi kutulia. Sensa ya 1890 iliwataka makarani waandike nani ana robo ya damu nyeusi na nani ana thumuni, tena kwa kumtazama usoni! Na neno "Caucasian" ambalo wengi wanadhani ni la kisayansi lilienezwa na daktari Mjerumani, Blumenbach, mwaka 1795, kwa sababu aliliona fuvu moja la mwanamke wa Georgia, milima ya Caucasus, akaona ndilo zuri kuliko yote. Fuvu moja. Mwaka 1923 Mpunjabi mmoja, Bhagat Singh Thind, aliyekuwa amevaa magwanda ya jeshi la Marekani, akaiambia mahakama kuu basi kwa sayansi yenu mimi ni Caucasian nipeni uraia. Majaji wakageuka, wakasema tunafuata anavyoelewa mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hakuoni mzungu. Akanyimwa.

Na neno "Asian" angalieni mlipo. Uingereza, hasa Leicester walikokwenda Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda 1972, "Asian" kwanza ni Mhindi au Mpakistani. Marekani wengi wakilisikia wanawaza Mchina, Mkorea.

SWALI: Mwalimu naandika kutoka Arusha, mama wa watoto watatu, nina aibu. Tulikuwa na mgeni, mama Mmarekani mweusi wa Georgia, tunakunywa chai barazani. Mwanangu wa miaka 9 akamwonesha bustani akasema kwa Kiingereza chake cha shule "our shamba boy planted it". Mzee wetu anayetunza bustani ana miaka 56 na alikuwa palepale na ndoo. Mgeni alinyamaza, kikombe kikabaki hewani, halafu akamuuliza mtoto "yeye ni boy?" Sikujua niseme nini. Sisi hatukuwa na nia mbaya, shamba boi si neno la kawaida tu?

JIBU: Dada, la kawaida kweli, na ndiyo shida yake. Kule kusini mwa Marekani mwanaume mweusi hakuitwa bwana. Alikuwa "boy" akiwa na miaka 15, "boy" akiwa na miaka 40 na wajukuu wamezaliwa, akizeeka sana ndio wanambadilishia "uncle", na hata hilo halikuwa la heshima kama mjomba wetu, ilikuwa namna ya kukwepa kumwita bwana. Mwaka 1968 wazoa taka wapatao 1,300 wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka, wakaandamana na mabango yenye maneno manne tu, "I AM A MAN". Mimi ni mwanaume mzima, sio boi. King alikwenda kuwaunga mkono na huko ndiko alikouawa, tarehe 4 Aprili. Na 2006 mahakama kuu yao ilisema wazi kwamba neno "boy" peke yake, hata bila kuongezewa "black" mbele yake, linaweza kuwa ushahidi wa ubaguzi kazini. Ndiyo maana kikombe cha mgeni wako kilisimama, hakumsikia mtoto wako tu pale.

Na sisi hatukuliokota mbali. Walowezi wa Kenya na Tanganyika waliwaita hivyohivyo wapishi, madobi, watunza bustani, wanaume wenye ndevu, Kiswahili kikalimeza likawa "boi". Uhuru ulipokuja wakaondoka, sisi tukaingia kwenye nyumba zao tukakuta neno liko jikoni, tukaendelea kulitumia kwa ndugu zetu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la mkonge huko Muheza. Tunayo picha yake moja tu, ilipigwa 1951, amesimama kwenye ngazi na kanzu nyeupe, mkono umeshika kamba za mbwa wawili. Wakati huo ana watoto watano, mama yangu ni wa tatu. Nyuma ya picha kuna mwandiko wa Kiingereza, wa kalamu ya wino, safi kabisa: Rex, Bella and the boy. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, najua Kiingereza cha kutosha kumtafsiria mama, na sikumtafsiria. Nilimwambia imeandikwa tarehe.

Kwa hiyo dada, mgeni mpigie simu umwambie ukweli, kwamba neno mmelikuta na mmelisema miaka yote bila kulisikia, atakuelewa kuliko unavyofikiri. Mtoto usimchape wala usimkemee, hakulibuni yeye. Mkalishe na huyo mzee bustanini jioni moja, amuulize anaitwa nani, jina lake na la baba yake, na yale maua ameyapanda lini, halafu siku mgeni akirudi ndio mtoto amtambulishe upya. Kwa Kiingereza "gardener" ni neno zuri tu. Kwa Kiswahili ana miaka 56, ni Mzee Fulani, na wewe pia ukimwita umwite hivyo hata mkiwa peke yenu.